Mama Wanne, Kitasa Kimoja

Watu wengine wakifika ugenini huangalia majengo, au magari, au wake za watu. Kitasa alifika akaangalia bawaba. Mlango wa kwanza aliokutana nao katika mji ule ulikuwa wa kioo, ukafunguka wenyewe kabla hajaugusa, na papo hapo akajua ameletwa kwenye mji wa wazembe.

Kwao alikuwa mchonga funguo. Kibanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa benki, kikubwa kiasi cha kabati la nguo, na ndani mlikuwa na mashine moja ya kuchongea, kigoda, na funguo mia tatu na ushei zikining'inia kwenye misumari. Jina lake halisi lilikuwamo kwenye kitambulisho na halikuwa na kazi nyingine. Watu wote walimwita Kitasa, hata mama mkwe wake, hata mkewe siku akikasirika. Kwa miaka ishirini na miwili alifungulia watu milango: waliosahau ufunguo ndani, waliofungiwa nje na wake zao, na wale walioapa kwamba nyumba ni yao, ikaja kugundulika kwamba siyo. Hao wa mwisho ndio waliomharibu. Alikuwa akisema mlango wa kawaida unamchukua dakika moja na nusu, na yeye ni mtu mwaminifu, sasa piga hesabu ya asiye mwaminifu ambaye tena ana haraka.

Nyumbani kwake sukari ilikaa kwenye kabati lenye kufuli. Mkewe alivumilia miaka kadhaa, kisha akawa anakunywa chai kwa jirani.

Aliyempeleka ng'ambo ni shemeji yake, kaka wa huyo huyo mke, ambaye alikuwa kule mwaka wa tisa na alijipa mwenyewe jina la Mwenyeji. Mwenyeji alijua kila kitu cha mji ule isipokuwa vile alivyoulizwa. Siku moja aliona tangazo: hoteli yenye milango mia nne na kumi inatafuta fundi wa vitasa. Akalituma kwa dada yake, dada akalisoma kwa sauti mezani, na Kitasa, ambaye hakuwahi kuamini tangazo lolote tangu azaliwe, akaiamini ile namba. Milango mia nne na kumi. Alilala akiihesabu kama mtu mwingine anavyohesabu ng'ombe wake.

Hoteli ilimpa kitanda katika bweni la wafanyakazi, chumba cha watu wanane chenye makabati manane na kufuli nane, ambazo Kitasa alizitazama siku ya kwanza akatikisa kichwa kwa huruma. Mambo yalikwenda. Kazi aliipenda, lugha ya wenyeji akaanza kuiokota kidogo kidogo, vitenzi kwanza, heshima baadaye. Kisha ikaja barua ya uhamiaji.

Barua ilisema mkewe na binti yake wanaruhusiwa kumfuata, kwa sharti moja. Alete fomu ya makazi, iliyosainiwa na mwenye nyumba kwa mkono wake, ikionyesha vyumba vingapi na watakaoishi humo ni nani na nani. Siku ya mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi unaofuata. Ikipita hiyo, maombi yanaanza upya, na maombi yakianza upya yanakula mwaka. Mke angeweza kungoja mwaka. Binti hangeweza, kwa sababu alikuwa anakaribia kutimiza miaka kumi na minane, na serikali ile ilishikilia kwamba mtoto ni wako mpaka asubuhi fulani, kesho yake ni abiria kama abiria wengine na hakuhusu. Fomu ikiingia kabla, anahesabika mtoto. Ikiingia baada, mama anakwenda, binti anabaki.

Basi Kitasa akaanza kutafuta nyumba, na Mwenyeji akiwa mbele yake kama taa ya gari bovu.

Nyumba ya kwanza walionyeshwa na dalali mwenye simu mbili na tabasamu moja lisilozimika. Ghorofa ya tatu, rangi mpya, jua mpaka jikoni. Mwenye nyumba amesafiri, alisema dalali, lakini mkataba upo hapa, kalamu hii hapa, maana kuna wengine wawili wanakuja mchana. Mwenyeji alishaanza kupanga makochi. Kitasa hakuingia hata sebuleni. Alikuwa amechuchumaa mlangoni, pua kwenye tundu la ufunguo, na alipoinuka alimwambia shemeji yake kwa lugha ya kwao, polepole, kwamba hapa pamefunguliwa kwa waya, tena na mtu ambaye bado anajifunza. Akashuka ngazi. Mwenyeji aliomba radhi kwa dalali kwa niaba ya ukoo mzima.

Baada ya wiki mbili habari zikafika. Familia tatu zilikuwa zimepangishwa ghorofa lile lile na dalali yule yule, wakakutana kwenye ngazi kila mmoja na godoro lake.

Hakuna balaa kubwa linalompata mtu wa shaka kama kupatia mara moja. Tangu siku hiyo Kitasa hakuambilika. Nyumba ya pili ilikuwa ya mzee mmoja mwalimu wa piano, mpole, vyumba viwili vikavu, na aliwakaribisha chai akasema wasiharakishe, wafikirie. Kitasa alifikiria hapo hapo akasimama. Nje Mwenyeji alimshika mkono.

"Shemeji, mzee wa watu ametupa chai kwa sababu ni saa ya chai."

"Ndivyo wanavyoanza," Kitasa alisema.

Nyumba ya tatu madirisha hayakuwa na nondo. Ya nne ilikuwa jengo jipya ambalo mlango wake ulifunguliwa kwa simu, na Kitasa alitaka kujua mlango unaomtii mwenye simu utamkatalia vipi mwenye simu nyingine. Kijana wa ofisini alianza kueleza mambo ya namba za siri, akafika katikati, akaonekana na yeye ameanza kuwaza. Waliondoka wakamwacha anautazama mlango.

Zilikuwa zimebaki wiki tano. Mkewe alipiga simu akasema neno moja tu, kwamba binti ameshapanga sanduku, na anauliza alifunge kwa kufuli moja au mbili. Kitasa akasema mbili. Halafu akakaa kitandani mwake bwenini, mkono kwenye paja, mpaka mwenzake wa kitanda cha juu akamuuliza kama kuna msiba.

Nyumba ya tano ilikuwa ya Bi Forodha.

Jina hilo walimpa wao. Alikuwa mjane mstaafu, mwembamba, amenyooka kama rula, na alikuwa amefanya kazi forodhani kwa miaka thelathini na mmoja, akifungua masanduku ya wageni. Alipostaafu mikono yake ilibaki na kiu. Aliufungua mlango kiasi cha mnyororo, akawatazama viatu, akawatazama nyuso, akarudi kwenye viatu. Ndipo akawaingiza ukumbini na kumwomba Kitasa, kwa adabu kabisa, atoe vilivyomo mifukoni aviweke juu ya kimeza.

Mwenyeji aliona aibu mpaka masikio. Kitasa alitoa leso, kalamu, nusu ya penseli, kipande cha sabuni ya hoteli, na nyaya mbili nyembamba zilizopinda kwenye ncha. Bi Forodha aliziinua zile nyaya kwa vidole viwili.

Kitasa akasema ni za kazi. Bi Forodha akasema kazi gani. Kitasa akasema. Bi Forodha akafungua daftari lenye jalada jeusi na kuandika, akaandika na tarehe.

Kisha yakaja maswali. Baba? Amefariki. Mama? Amefariki, mwaka wa nne sasa. Mke? Mmoja. Watoto? Mmoja, binti. Watakaoishi hapa? Watatu, mimi, mke, binti. Kila jibu lilipoandikwa Bi Forodha alizungusha daftari, na Kitasa akatia saini pembeni yake, kama mtu anayetangaza mizigo. Mwisho bibi akatoa masharti. Atahamia sasa, yeye atamwangalia mwezi mzima, na akiridhika atasaini fomu ya uhamiaji. Ufunguo wa pili utabaki kwake juu, kwa ajili ya mabomba.

Walipotoka Mwenyeji alikuwa anatafuta maneno ya kumpoza shemeji yake. Akakuta shemeji anatabasamu, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu uwanja wa ndege.

"Huyu angalau anashuku waziwazi," Kitasa alisema. "Tunahamia."

Vilikuwa vyumba viwili na jiko, chini kabisa, dirisha likitazama ua wenye kamba za nguo. Ukutani kulikuwa na bomba lililogugumia kila aliyeko juu alipoosha vyombo. Sakafu ilikuwa ya mbao, na ubao mmoja karibu na mlango ulilia ukikanyagwa. Mpangaji mwingine angeomba ukarabatiwe. Kitasa alijaribu kuukanyaga kwa kisigino, kwa vidole, kwa upande, ukalia kote, akaona amepewa kengele ya bure. Jikoni kulikuwa na kabati. Kesho yake lilikuwa na kufuli.

Kilichomshinda ni ule ufunguo wa pili. Kila akitoka kwenda kazini aliuhisi uko juu, kwenye msumari wake, unamtazama mgongo. Hakuwa na cha kuibiwa. Alikuwa na sanduku, mashuka, sufuria mbili na picha ya harusi. Lakini watu waliomwambia hana cha kuibiwa ndio aliokuwa akiwashuku kuliko wote. Jumapili ya pili alitandika gazeti mezani, akang'oa kitasa cha mlango wake, akakifumua. Pini ndogo za shaba akazipanga upya, akachonga ufunguo mpya kwa mashine ya hotelini, akakirudisha kitasa mahali pake. Kwa nje hakikuonyesha hata mkwaruzo. Ufunguo wa Bi Forodha ungeingia vizuri, ungekaa vizuri, na usingezunguka. Siku ya saini, alijiambia, nitakirudisha kilivyokuwa. Hakuona kwamba amekosa. Aliona anapumua.

Hapa sasa lazima tumzungumzie mama.

Wiki ile ile Kitasa alikuwa ngazini na simu sikioni, akipokea simu ya dada mkubwa wa marehemu mama yake, yule aliyemlea tangu alipoanza shule. "Shikamoo mama," alisema, na "ndiyo mama," na "nakula vizuri mama," na akacheka. Neno mama, kwa bahati mbaya, linaeleweka karibu dunia nzima. Bi Forodha alikuwa ameegemea reli ya ngazi juu. Alipomuuliza ni nani huyo, Kitasa alimjibu kwa furaha kamili ya mtu ambaye ametoka kubarikiwa.

"Mama."

Bi Forodha akapanda juu. Kitasa hakusikia daftari likifunguka.

Siku nne baadaye alimwomba bibi waahirishe kupaka rangi geti, kwa sababu Jumamosi baba anafanyiwa upasuaji na yeye angependa kukaa karibu na simu. Baba huyo alikuwa baba yake mdogo, mtu wa ngiri ya zamani. Bi Forodha alimpa pole, akauliza ni baba yake kweli, na Kitasa, akidhani anapewa pole ya pili, akasema kweli kabisa, baba yangu. Wiki iliyofuata akamwonyesha picha kwenye simu: kijana ndani ya suti, ua kifuani. Mwanangu, alisema, anaoa. Alikuwa mtoto wa kaka yake. Bi Forodha aliitazama ile picha muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, akamtazama Kitasa, akaitazama tena, na kwa kweli pua zilifanana.

Na muda wote huo, kwa kuwa alilelewa na watu, Kitasa alikuwa akimwita yeye mwenyewe mama. Asante mama, habari za asubuhi mama, nikusaidie huo mfuko mama. Lugha ya kule alijua maneno mia sita, na hilo ndilo alilolitumia zaidi.

Ijumaa ya mwisho ikafika. Ofisi ya uhamiaji ilikuwa inafunga saa tisa mchana. Saa tatu asubuhi Kitasa, suruali imenyooshwa, fomu ndani ya bahasha, alipanda ngazi na Mwenyeji nyuma yake kwa ajili ya maneno mazito. Mezani kwa Bi Forodha kulikuwa na daftari, miwani na kalamu. Chai haikuwepo, na Kitasa akaona ni dalili nzuri.

Bi Forodha hakuigusa fomu. Alivaa miwani akafungua daftari na kusoma, kwa sauti ile ile aliyosomea watu vitu walivyokutwa navyo miaka thelathini na mmoja. Tarehe fulani, mama amefariki. Tarehe fulani, mama amepiga simu, amecheka. Tarehe ya kwanza, baba amefariki. Tarehe fulani, baba anafanyiwa upasuaji. Watoto, mmoja, wa kike. Tarehe fulani, mtoto wa kiume, mtu mzima, anaoa. Akainua macho.

"Mimi natakiwa nisaini kwamba wataingia watu watatu. Mbele yangu kuna mtu ambaye wazazi wake wanafufuka na watoto wanaongezeka. Wako wangapi, bwana? Na unawaficha wapi?"

Mwenyeji akaona wakati wake umefika. Alisogeza kiti, akaweka mkono kifuani, akasema kwa lugha nzuri ya miaka tisa kwamba yeye ni ndugu wa huyu bwana na anamdhamini. Bi Forodha akauliza ndugu wa mama mmoja? Mwenyeji, ambaye kwa dakika ile alimpenda shemeji yake kuliko ukweli, akasema mama yake ni mama yangu, mama yangu ni mama yake, hatubaguani.

"Yuko hai?"

"Mzima kabisa. Jana wameongea."

Bi Forodha akaandika. Kitasa alizijua tarakimu za kule, na akaona kalamu ikichora tatu kando ya neno mama. Kisha bibi akaongeza, kwa kujisemea, kwamba yeye mwenyewe anaitwa mama kila asubuhi, kwa hiyo nne.

Hapo akatia mkono mfukoni mwa sweta, akatoa ufunguo, akauweka juu ya fomu.

"Na Jumanne bomba lilivuja. Nikashuka na huu."

Mwenyeji alimgeukia shemeji yake. Alimuuliza kwa lugha ya kwao, chini chini, umefanya nini.

Kitasa alikuwa anautazama ule ufunguo. Kwa mara ya kwanza aliiona picha nzima kama angeiona akiwa kibandani kwake: mwanaume ana nyaya mfukoni, amebadilisha kitasa kimyakimya, anasema mama amekufa na huku anaongea naye ngazini. Mtu kama huyo yeye asingemchongea hata ufunguo wa baiskeli. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro. Sanduku la binti yake lilikuwa limekaa sebuleni kwao na kufuli mbili.

Akasimama, akasema ngojeni, akashuka. Walisikia ubao wa mlangoni ukilia akiingia, kisha ukilia akitoka.

Alirudi na mtungo wa funguo aliokuwa ameuficha chini kabisa ya sanduku lake, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, akauweka mezani, meza ikaitika. Kila ufunguo ulikuwa na kijikadi kilichofungwa kwa uzi, na kila kijikadi kilikuwa na mwandiko wake. Kitasa alieleza, na pale maneno yake mia sita yalipokwisha Mwenyeji aliyaendeleza, safari hii bila kuongeza lake. Yeye ndiye fundi wa ukoo, alisema. Kila mlango kwao ameufunga yeye kitasa, na kila mwenye mlango amemwachia ufunguo mmoja wa akiba. Amekuja nazo zote kwa sababu hakumpata wa kumwachia.

Bi Forodha akavuta mtungo karibu. Kazi hii aliijua. Alichukua ufunguo wa kwanza, akageuza kijikadi, akanyoosha kidole kwenye herufi.

"Mama mkubwa," Kitasa akasoma. "Dada yake mama. Ndiye aliyepiga simu. Kwetu huyu ni mama. Ukiingia kwake ukamwita dada wa mama, utakula umesimama."

Ufunguo mwingine: baba mdogo, mdogo wake baba, yule wa ngiri, anaendelea vizuri. Mwingine: kaka, baba wa bwana harusi, na mtoto wa kaka ni mwanangu, ningemwita nani? Mwingine mrefu, wa geti: mama mkwe, na hapo Mwenyeji akasema haraka kwamba huyo ndiye mama yake yeye hasa, wa kumzaa, na kwamba alichosema mwanzo kilikuwa ni mapenzi tu. Bi Forodha alikuwa amerudi kwenye daftari. Alikata mstari, akaandika, akakata, akaandika, na baada ya muda akawa ameacha kukata, anachora vijimstari vya kuunganisha, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

Akafika kwenye ufunguo mdogo wa kizamani, ambao kijikadi chake kilikuwa na neno moja.

"Mama," Kitasa alisema. "Huyu ndiye aliyenizaa. Nyumba wameibomoa, mlango wenyewe haupo."

Bi Forodha aliushika huo kwa muda kidogo zaidi kuliko nyingine. Hakuuliza kwa nini basi anao. Aliurudisha kwenye mtungo, akaupima mtungo wote kwenye kiganja kama mtu anayekisia kilo.

"Wote hawa wamekupa funguo zao."

"Wote."

"Na wewe umeshindwa kumwachia mmoja mtu mmoja."

Kitasa aligeuza kijikadi kimoja, akakirudisha kilivyokuwa.

"Wao hawajui kazi yangu inavyofanyika, mama," akasema mwisho. "Mimi najua."

"Ungeweza kuingia kwangu bila ufunguo?"

Mwenyeji alifunga macho.

"Dakika moja na nusu," Kitasa alisema. "Mbili, ukiwa umeweka mnyororo."

Pengine hilo ndilo lililomwokoa. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kumtajia Bi Forodha kitu ambacho hajaulizwa vizuri. Akavua miwani. Akanyoosha kiganja, kikiwa wazi. Kitasa alitoa ufunguo wake mwenyewe kwenye mkufu shingoni, ule usio na kijikadi, akauangalia, akaanza kuutoa, akasita, akautoa. Bi Forodha hakusema asante. Alishuka nao ngazi.

Wanaume wawili walibaki juu wanasikiliza. Kitasa kikafunguka. Kikafungwa. Kikafunguka. Ubao ukalia. Kikafungwa. Mara ya tatu. Kila kikizunguka, Kitasa alikunja kidole kimoja gotini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeng'olewa jino na ndugu yake.

Bi Forodha aliporudi alisaini. Ila kabla ya kusaini aliuliza swali la mwisho: kama yeye ni mama, basi yeye anatakiwa amwite huyu nani? Kitasa akamwambia. Bi Forodha akamfanya alirudie neno hilo mara mbili, akaliandika kwa herufi za kule, na mbele yake akaweka alama ya kuuliza.

Fomu iliingia dirishani saa nane na nusu. Karani aligonga muhuri bila kuisoma. Kitasa alisimama pale dirishani zaidi ya ilivyohitajika, mpaka Mwenyeji akamvuta, kwa sababu alikuwa ameiona droo ya mihuri na haikuwa na kufuli.

Mkewe na binti walifika mwezi uliofuata. Bi Forodha aliwapokea chini ya ngazi, akawafungulisha masanduku papo hapo, la binti kwa kufuli zote mbili, akatazama kila kitu, akahesabu watu. Wawili. Akahesabu tena. Akawaruhusu kupita. Mke aliingia jikoni, akaliona kabati, akaiona kufuli, akauliza jirani wa karibu ni nani. Kitasa akanyoosha kidole juu.

Jumamosi ya kwanza Bi Forodha alimwita fundi wake. Ameifikiria sana ile dakika moja na nusu, alisema, na hailali naye vizuri. Alikuwa amenunua kitasa kipya, kizito, cha chuma, bado ndani ya boksi lake, na boksi lilikuwa limebandikwa utepe wa gundi ambao haujafunguliwa. Alimfanya Kitasa akague gundi kwanza. Kitasa alifanya kazi ile kwa mapenzi. Alichonga mbao, akakaza skrubu, akatia mafuta, akakizungusha mara kumi. Mke na binti walikuwa wamekaa ngazini na vikombe vya chai ya bibi, wakimwangalia.

Alipomaliza alifuta mikono akampa Bi Forodha funguo zake. Moja, mbili.

Bi Forodha aliziangalia. Akaliokota boksi, akalisoma ubavuni, kidole kikifuata mstari. Akaliweka chini. Akanyoosha tena kile kiganja chake cha forodhani, kikiwa wazi, na akatamka neno alilofundishwa, akikosea mkazo, polepole, ili mtu asije akasema hakusikia.

"Tatu, mwanangu."

Kitasa alianza kutazama sakafuni, kana kwamba ufunguo umeanguka. Alitazama ndani ya boksi. Mkono wake ndio uliomsaliti, ukapanda wenyewe kufunika mfuko wa shati.

"Kitasa," mkewe alisema kutoka ngazini, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe, "mpe mama ufunguo wake."